Goti la Mwanamke: Tangu Ubutega Hadi Mrija wa Mpasuaji

Mtaa wa Muhima mjini Kigali umekaa juu ya mteremko. Atokaye katikati ya mji kwenda Nyabugogo kwenye mabasi huteremka. Arudiye hupanda, na hapo ndipo ajuapo kama magoti yake ni mazima. Wengi waujua mtaa huo kwa sababu ya hospitali yake ya wilaya, ambamo watoto wa mji huu wamezaliwa kwa maelfu. Tangu Richard Kandt alipoweka hapa Kigali kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1907, mji huu umekuwa mji wa vilima na wa watu waendao kwa miguu, na goti limekuwa chombo cha kazi kabla ya kuwa kitu cha kutazamwa.

Siku hizi, hata hivyo, goti latazamwa. Simu za vijana wetu zaleta matangazo ya madaktari wa miji ya mbali waahidio kufyonza mafuta yaliyo upande wa ndani wa goti, ili mguu uonekane mwembamba na ulionyooka. Wanafunzi wa kike huyasoma, nao huuliza. Sisi walimu twaulizwa kwanza neno: jambo hili laitwaje kwa Kiswahili? Swali la neno lina swali la historia ndani yake, nalo ndilo ninalotaka kulifuata hapa. Tangu lini goti la mwanamke likawa jambo la kurekebishwa, na nani aliyesema lina kasoro?

Tuanze na maneno yenyewe, kwani kiungo hiki hakikukosa majina. Kiswahili chasema goti, na mfupa wa mbele waitwa kilegesambwa au pia ya goti. Chini yake kuna muundi kwa mbele na tafu kwa nyuma, ambalo wengine huliita shavu la mguu. Mwenye miguu iliyopinda kwa nje ana matege. Katika Kinyarwanda goti ni ivi, na wingi wake ni amavi. Mwalimu atokaye pwani asikiapo kwa mara ya kwanza mama akimwambia mwanawe habari za amavi yake hushtuka, na darasa zima hucheka kabla hajafafanuliwa. Kinyarwanda kina pia neno intege, yaani sehemu ya nyuma ya magoti, na ndilo litumikalo kwa nguvu za mtu. Mwenye intege nke ni dhaifu, na guca intege, ambalo kwa maneno yake ni kukata nyuma ya magoti, ni kumvunja mtu moyo. Katika lugha hii, basi, uimara wa mtu umewekwa gotini. Habari za umbo lake hazikutajwa sana.

Wala haikuwa ajabu, maana katika nchi hizi za Maziwa Makuu uzuri wa mwanamke wa nyumba kubwa haukuwa wembamba. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, katika ikulu ya Mfalme Rumanika. Alikuta wake wa nyumba ya kifalme wamenenepeshwa kwa maziwa hata kusimama kulikuwa taabu. Alimwomba mmoja wao ruhusa ya kumpima, kisha akayachapisha mapimo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1863: paja futi 2 na inchi 7 kwa mzunguko, tafu futi 1 na inchi 8, yaani kama sentimita 51. Karibu naye aliketi binti wa miaka kumi na sita akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Mtu wa leo asomapo habari hizo humwona Speke kuwa mtu asiye na adabu, na kweli kumzungushia mke wa watu kamba ya kupimia si adabu popote. Lakini tuitazame ile fimbo pia. Binti yule hakuuchagua unene wake, kama vile wengi leo wasivyouchagua wembamba wautafutao. Desturi ya kunenepesha kwa maziwa ilikuwako Ankole pia, miongoni mwa Wahima, ambako mchumba alikaa ndani miezi mingi kabla ya kuolewa akinyweshwa. John Roscoe aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1923 juu ya Wanyankole. Mafuta yaliyojaa magotini yalikuwa ushahidi: nyumba hii ina ng'ombe, na mwanamke huyu hachoti maji wala halimi. Mafuta yale yale ambayo sasa hulipiwa fedha yaondolewe, zamani yalilipiwa ng'ombe yapatikane.

Katika Rwanda yenyewe kulikuwa na pambo lililouhusu mguu moja kwa moja, nalo ni ubutega. Hizi ni pete nyembamba zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, ambazo wanawake walioolewa walizivaa miguuni moja juu ya nyingine, tangu kifundo kuelekea goti, nyingi kadiri ya uwezo wa nyumba. Picha za mwanzo wa karne ya 20 zawaonyesha wake wa wakuu wamezivaa kwa wingi mno, hata muundi na tafu havionekani. Mguu umekuwa kama nguzo moja ya duara. Mvaaji hakuweza kwenda kwa haraka, na mwendo huo wa polepole ulikuwa sehemu ya heshima yake. Mwanamke wa pwani mwenye furungu au mitali ya fedha alitaka mlio usikike atembeapo. Mwenye ubutega hakutaka mlio. Alitaka mguu ujae.

Tena pete hizo hazikusukwa Rwanda. Zilitoka magharibi ya ziwa Kivu, katika nchi ya misitu ya Watembo, zikavushwa ziwa kwa mitumbwi kupitia kisiwa cha Ijwi, zikabadilishwa kwa mifugo na vyakula. Mwanahistoria David Newbury, aliyeandika juu ya biashara hiyo mwaka 1980, ameonyesha kwamba katika karne ya 19 ubutega ulitumika hata kama fedha katika masoko ya pande zile. Fikiri basi, ndugu msomaji: fedha iliyovaliwa mguuni na mke wa mkuu wa Rwanda ilikuwa imesukwa na mikono ya watu wa msituni ambao huenda hawakumwona kamwe. Nguo za pamba na faranga za serikali ndizo zilizoiua biashara hiyo. Gauni refu na kitenge vikaufunika mguu ambao pete zilikuwa zimekwisha kuuacha wazi, na kwa miaka mingi goti halikuwa na habari.

Habari yake ilikuwa inaanza mbali. Katika miaka ya 1920 sketi za Ulaya na Marekani zilipanda, na ilipofika 1925 au 1926 zilikuwa zinagusa goti. Kiungo kilichofichwa kwa karne nyingi kikatoka nje ghafula. Wasichana wa miji mikubwa walipaka magoti yao rangi nyekundu kama wapakavyo mashavu. Ndipo wakatokea wengine waliotaka zaidi ya rangi.

Katika miaka hiyo hiyo mpasuaji Mfaransa Charles Dujarier, aliyekuwa daktari wa sifa mjini Paris, alikubali kuipunguza miguu ya mwanamke kijana ambaye vitabu vya upasuaji humtaja mara nyingi kuwa mcheza dansi. Masimulizi ya vitabu hivyo yasema alitumia chombo cha kukwangulia mji wa mimba, akakwangua mafuta ya tafu na magoti. Mguu ukashikwa na donda ndugu, ukakatwa. Kesi ilikwenda mahakamani, na mwaka 1929 mahakama ya Paris ilimtia daktari hatiani kulipa fidia. Hoja yake ilikuwa kali: kufanya upasuaji wa hatari juu ya kiungo kizima, kwa ajili ya kunyoosha umbo tu na si kwa ajili ya afya, ni kosa lenyewe hata kama mkono wa daktari haukuteleza. Mwaka 1931 mahakama ya rufani iliacha fidia isimame lakini ikaibadili sababu. Haikusema tena kwamba upasuaji wa urembo ni kosa kwa asili yake. Ilisema mwanamke yule hakuelezwa hatari iliyokuwa mbele yake.

Naona tofauti ya hukumu hizo mbili ina uzito kuliko yote niliyoyataja. Ya kwanza yamlinda mwanamke kwa kumnyima uchaguzi. Ya pili yamwachia uchaguzi, na yamdai daktari maneno. Maneno ndiyo kazi yetu, nami nitayarudia.

Baada ya msiba ule wapasuaji waliliacha jambo hili kwa miaka kama hamsini. Sanaa ya kurekebisha maumbo haikulala, lakini iliwashughulikia walioumizwa na vita na moto. Na hapa historia hiyo yapita kwetu Afrika Mashariki kwa njia ambayo watu wachache huikumbuka. Shirika la madaktari warukao kwa ndege, ambalo leo twaliita AMREF, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa aina hiyo. McIndoe alikuwa amewatengeneza upya nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Wood alijifunza kwake, akaishi Kenya, akaruka kwenda mahospitali ya mbali kuwashona watoto wenye midomo iliyopasuka na watu walioanguka motoni. Rees yeye alikuwa New York, na huko akawa mmoja wa wapasuaji wa urembo wenye jina kubwa. Kwa hiyo mikono iliyofungua kazi moja ndiyo iliyofungua nyingine, na mgonjwa wa Samburu na bibi tajiri wa New York walikuwa ndugu wa darasa moja la upasuaji bila wao kujua.

Wakati huo huo sketi ilikuwa inapanda mara ya pili, safari hii ikalivuka goti, nayo ilifika mpaka kwetu. Serikali ziliogopa. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na tangu tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Wasichana walisimamishwa njiani Dar es Salaam na kuaibishwa. Uganda, Idi Amin akazikataza mwaka 1972. Malawi, Kamuzu Banda akatunga sheria ya mavazi mwaka 1973, iliyodumu hadi 1994. Sheria zote hizo zilihitaji mpaka, na mpaka wenyewe ukawa goti. Katika nchi hizo walioketi kuandika walikuwa karibu wote wanaume.

Kisu kilifuata upindo wa nguo kama kilivyoufuata mara ya kwanza. Katikati ya miaka ya 1970 madaktari wa Roma, Arpad Fischer na mwanawe Giorgio, walitengeneza mrija wa kukata na kuvuta mafuta. Mwaka 1977 Yves-Gérard Illouz mjini Paris alianza kutumia mrija wenye ncha butu. Siri yake ilikuwa ule ubutu: ncha kali hukata mishipa ya damu na ya fahamu, ncha butu huisukuma kando na kupita katikati ya mafuta. Kisha Mmarekani Jeffrey Klein, daktari wa ngozi huko California, alieleza mwaka 1987 namna ya kulijaza kwanza eneo lote maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi iliyozimuliwa sana pamoja na adrenalini, ambayo huifinya mishipa hata damu ikatoka kidogo tu. Tangu hapo mgonjwa aliweza kufanyiwa pasipo nusukaputi.

Goti ni mahali padogo. Mafuta yatolewayo upande wa ndani wake ni kidogo mno yakilinganishwa na ya tumbo, na kwa hiyo matangazo huliita jambo jepesi. Lakini upande huo ndipo upitapo mshipa mkubwa wa damu ulio chini ya ngozi ya mguu, pamoja na mshipa wa fahamu uupao muundi hisia zake. Nyuma ya goti yapita mishipa mikubwa kuliko hiyo. Ngozi ya hapo hukunjwa na kukunjuliwa kila hatua. Yakitolewa mafuta kupita kiasi, ngozi yabaki na mabonde ambayo kuyajaza ni kazi ngumu kuliko kuyachimba. Na hatari za jumla za ufyonzaji hazipungui kwa sababu mahali ni padogo: uchafu kuingia, damu kuganda na kwenda mapafuni, dawa ya ganzi kuwa sumu ikizidi kipimo.

Isidhaniwe kwamba kila aendaye kwa mpasuaji kwa ajili ya mafuta ya miguu ni mpenda makuu. Kuna ugonjwa uitwao lipedema, ambao madaktari wa Mayo Clinic waliueleza mwaka 1940. Huwapata wanawake karibu peke yao. Mafuta hujaa mapajani, magotini na matafuni, huuma yakiguswa, wala hayapungui kwa kufunga chakula. Kwa mgonjwa wa namna hiyo mrija ni tiba. Kinyume chake, hapa Rwanda kuna ugonjwa uitwao imidido, uvimbe mkubwa wa miguu uwapatao watu waendao pekupeku juu ya udongo mwekundu wa volkeno. Mtu wa pwani auonapo hudhani ni matende ya mbu, kumbe sababu yake ni udongo. Dawa yake ni maji, sabuni, bandeji na viatu, na hapo ufyonzaji wa urembo hauna kazi. Mwenye uvimbe akishawishiwa na tangazo la simu atapoteza fedha na pengine mguu.

Na yako magoti ambayo nchi hii iliyashughulikia zamani kabla ya urembo kuja. Mwaka 1960 Padri Joseph Fraipont Ndagijimana alianzisha huko Gatagara makao ya walemavu, ambamo watoto waliolemazwa na polio walipasuliwa, wakafungwa vyuma, wakafundishwa kusimama. Kabla ya hapo wengi wao walikuwa wakitambaa. Kwao goti lililonyooka halikuwa habari ya umbo. Lilikuwa mlango wa shule.

Leo sanaa ya kurekebisha maumbo iko Kigali yenyewe. Hospitali ya Jeshi ya Rwanda iliyoko Kanombe ina idara yake, na wapasuaji wake ni Wanyarwanda. Kazi yao kubwa ni majeraha ya moto na ya ajali, lakini wanaotaka urembo nao wapo, na wengine husafiri hadi Nairobi au mbali zaidi. Mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki huko Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki ya watu binafsi, na baraza lisimamialo madaktari wa Kenya likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Miaka mia kasoro kidogo ilikuwa imepita tangu kisa cha Paris, na swali lililoulizwa lilikuwa lile lile la mwaka 1931: aliambiwa nini, na kwa lugha gani?

Swali la lugha halikuulizwa kwa nguvu ya kutosha. Aingiaye kliniki hutia sahihi karatasi. Karatasi hiyo aghalabu imeandikwa Kiingereza au Kifaransa, na mwenye kusahihi ni mtu aongeaye Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili safarini. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Kenya ilikuwa imekwisha kukifanya hivyo katika katiba yake ya 2010. Mwanamke wa Muhima aendaye Nairobi, kwa hiyo, ana lugha moja rasmi ya nchi zote mbili anayoweza kuisikia vizuri, nayo ndiyo isiyoonekana katika karatasi yake.

Hapo ndipo lile swali la neno lirudipo. Nimesikia watu wakisema liposaksheni, nami silikatai neno hilo, kwani lina tabia za Kiswahili na mdomo walizoea. Lakini haliwaambii kitu wasiolijua. Wengine husema kupunguza miguu, na hilo nalikataa kabisa, kwa sababu laficha kazi yote: hakuna mrija ndani yake, wala tundu, wala damu. Kunyonya mafuta ni bora kidogo, ila kunyonya ni kwa mtoto na ziwa, na huruma yake yaweza kumdanganya mtu. Mimi napenda kufyonza. Nyuki hufyonza, na kupe hufyonza. Asikiaye neno hilo ajua kwamba kitu kimepenya ngozi na kwamba kilichotoka hakirudi. Wanafunzi wangu walipolisikia, wa kwanza kuuliza aliuliza tundu lina ukubwa gani, na wa pili akauliza mrija wapita karibu na mshipa gani. Waliosikia liposaksheni walikuwa wameuliza bei.